Mwamuzi wa Besiboli na Maneno ya Benchi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Msimu huu nimekuwa nikimsimamia kijana mmoja kutoka Bukavu, anayeishi hapa Ohio, ambaye ameanza uamuzi wa besiboli katika ligi za watoto na za shule za sekondari. Sheria anazijua na macho anayo. Kilichomsumbua ni benchi. Kocha msaidizi wa timu moja alikuwa amekalia ndoo iliyofunikwa, mlangoni kabisa mwa kibanda cha wachezaji, akitafuna mbegu za alizeti. Baada ya kila mpira aliuliza swali lilelile: “Hiyo ilikuwa wapi?” Hakutukana wala hakupaza sauti. Kufikia kipindi cha tano, mipira ya ukingo wa nje ambayo kijana alikuwa akiiita straiki (mpira uliorushwa sawasawa) tangu mwanzo, sasa alikuwa akiiita boli (mpira uliotoka nje ya eneo). Yule wa kwenye ndoo alikuwa amepata alichokitafuta.

Niliyomweleza baada ya mchezo ule ndiyo haya, kwa mpangilio. Jinsi ya kuvaa vifaa, kusimama nyuma ya mdakaji na kuonyesha ishara siyagusi. Hayo umefundishwa kwenye kozi. Maneno ya kumwambia kocha nayaandika kwa Kiswahili, lakini uwanjani utayasema kwa lugha ya hapo.

Hatua ya 1: Jua ni kitabu gani kinatumika leo

Besiboli ina vitabu vya sheria zaidi ya kimoja, na kuhusu maneno ya benchi havifanani. Ligi Kuu ya Marekani na ligi nyingi za watu wazima hutumia kitabu rasmi, ambamo mambo haya yako kwenye kanuni ya 6.04. Shule za sekondari hufuata kitabu cha shirikisho lao, NFHS, kwenye kanuni ya 3-3. Little League, yaani watoto, ina kitabu chake, na humo anayetolewa mchezoni hukosa pia mchezo unaofuata wa timu yake, wala haruhusiwi kukaa jukwaani kama mtazamaji. Nawasihi ndugu zetu walioko Uganda wakizingatie sana hiki cha watoto, maana ndicho kilichowafikisha watoto wa Lugazi Pennsylvania mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League.

Soma kurasa hizo usiku wa kuamkia mchezo. Kwenye simu zinasomeka, ila mimi nashauri kitabu cha karatasi, kikae ndani ya begi.

Hatua ya 2: Kikao cha kwenye pleti

Pleti ni kile kibao anaposimama mpigaji, na kikao cha hapo kabla ya mchezo kiwe kifupi. Salimia makocha wakuu wawili kwa majina yao, pokea karatasi za vikosi, sema sentensi moja: “Kocha, benchi lako ni jukumu lako, na nikiwa na neno nitakuletea wewe.” Hotuba ya maonyo kabla hata mpira haujarushwa haifai. Inawaonyesha kwamba unaogopa maneno, na kuna makocha wanaolisubiri jambo hilo.

Na mwamuzi mwenzako wa kwenye besi (vituo vya wakimbiaji) kubalianeni kitu kimoja: yeye ndiye sikio lako. Wewe umetazama mbele, kinyago usoni. Yeye anayaona mabenchi yote mawili.

Hatua ya 3: Linda macho kabla ya kulinda heshima

Waamuzi wengi wachanga wanadhani shida ya maneno ya benchi ni kudharauliwa. Sivyo. Shida ni mpira unaofuata. Maneno hulengwa kwenye uamuzi ambao bado hujautoa, na yakikufikia utaanza kulipa fidia: umeita straiki hapa, wamelalamika, basi mpira kama ule ukija tena unawapa boli ili wanyamaze. Hawatanyamaza. Watakuwa wamejua kwamba kusema kunalipa, na benchi la pili nalo litaanza.

Dawa yake ni mwendo wa uamuzi wenyewe. Fuata mpira kwa macho toka mkononi mwa mrushaji hadi ndani ya glovu ya mdakaji. Tulia. Ndipo useme. Ule utulivu mdogo kabla ya kuita ndio unaozuia mdomo kutangulia jicho. Ukishaita, macho yarudi kwa mrushaji, wala yasiende benchi. Kichwa kikigeuka kuelekea kwenye sauti hata mara moja, umekwisha kuwaambia kwamba wanasikika.

Kihesabio cha mkononi kisogeze kila baada ya mpira, hata kama idadi unaikumbuka. Kidole kikiwa na kazi, akili hairudi kwenye maneno. Na ukihisi damu inapanda, toa brashi. Zunguka mbele ya pleti, uipe uwanja mgongo, inama, safisha taratibu. Brashi nzuri ya mbao ni bora kuliko maneno yoyote utakayobuni wakati huo, na hakuna kocha anayeweza kukulaumu kwa kusafisha pleti.

Hatua ya 4: Jua sauti imetoka wapi

Hii ndiyo hatua inayowapoteza hata waamuzi wakubwa, kwa hiyo naomba uisome polepole.

Tarehe 22 Aprili 2024, timu ya Yankees ikicheza na Athletics katika Ligi Kuu mjini New York, mwamuzi wa pleti Hunter Wendelstedt alimwonya kocha mkuu wa Yankees, Aaron Boone, aache kulalamika. Mchezo ulikuwa bado kwenye kipindi cha kwanza. Boone akanyamaza. Muda mfupi baadaye sauti nyingine ikasikika kutoka upande uleule, na Wendelstedt akamtoa Boone papo hapo. Boone akawa anaonyesha kwa kidole juu ya kibanda, akiapa kwamba si yeye. Kamera zilionyesha shabiki aliyeketi jukwaani, nyuma kidogo ya benchi. Baada ya mchezo mwamuzi alijieleza kwamba kocha mkuu ndiye anayewajibika kwa benchi lake.

Kanuni hiyo ya uwajibikaji ni ya kweli, nami naiamini. Lakini inahusu benchi, haihusu jukwaa. Kama sauti ni ya shabiki, kocha hawajibiki nayo hata kidogo. Na viwanja vyetu ni vigumu kuliko vya New York: katika ligi za watoto wazazi huweka viti vyao vya kukunja nyuma ya wavu, hatua chache tu kutoka benchi. Baba wa mchezaji, kaka wa mchezaji, kocha wa mwaka jana aliyekuja kutazama, wote wanasikika kana kwamba wako ndani ya kibanda.

Kwa hiyo, kabla hujamgusa mtu yeyote, pata majibu ya maswali mawili. Sauti hii ni ya ndani ya benchi au ya nje? Na kama ni ya ndani, ni ya nani?

La kwanza mara nyingi mwenzako wa kwenye besi ndiye analo. Mkubaliane ishara ya kimya: sisi hushika ukosi wa shati kama ni benchi, na ukingo wa kofia kama ni jukwaa. Msitumie ishara ya kunyoosha kidole. Kidole kinachoelekea benchi huanzisha ugomvi mpya hata kama hukukusudia.

La pili ni gumu zaidi. Vijana kumi na watano wamekaa kwenye benchi moja, wote wanatazama viatu vyao, na mmoja wao ametoka kusema neno baya. Usikisie. Usimchague mwenye sura ya kiburi. Usimwulize mtoto amtaje mwenzake, hilo ni jambo la aibu. Sijali wanaokuambia kwamba lazima mtu alipe hapohapo. Ukimtoa asiyehusika umepoteza benchi zima, na wazazi wake, na pengine mwenyewe utakosa usingizi. Subiri nusu ya kipindi iishe. Mwite kocha mkuu pembeni, mkiwa mmesimama bega kwa bega mkitazama uwanja, si uso kwa uso, maana watu wakiwaona mmekabiliana wanaona vita. Mwambie: “Kuna sauti kutoka benchi lako imesema hivi. Sijui ni ya nani. Naomba isisikike tena.” Taja maneno yenyewe, usiyapambe. Mara nyingi kocha anamjua mhusika kabla hujamaliza sentensi, na atalimaliza kwa namna ambayo wewe huwezi.

Na ikiendelea? Kitabu rasmi kimelifikiria hilo. Benchi likionyesha upinzani mkali dhidi ya uamuzi, mwamuzi huonya kwanza. Wakiendelea, huwaondoa wahusika. Akishindwa kuwatambua, anaruhusiwa kuwaondoa wachezaji wote wa akiba kwenye benchi, na kocha atawaita tu wale anaowahitaji kuingia mchezoni. Ni silaha nzito. Kwa watoto siipendekezi kabisa. Kwa watu wazima ujue tu kwamba ipo. Kocha naye anajua kwamba ipo, na hiyo peke yake hutosha.

Jambo la mwisho hapa: sauti ya shabiki si kazi yako. Ikivuka mpaka, simamisha mchezo na umwite msimamizi wa uwanja au wa ligi, yeye ndiye aongee na jukwaa. Mwamuzi anayejibizana na wazazi kupitia wavu amekwisha poteza mchana wake.

Hatua ya 5: Panda ngazi moja moja

Waamuzi hapa Marekani hufundishwa ngazi nne: puuza, itikia, onya, toa. Mimi naziona nzuri, mradi usiziruke na usikwame kwenye moja.

Puuza yale ya kawaida. “Aa, Bluu!” (hivyo ndivyo wanavyotuita, kwa ajili ya mashati) ni pumzi tu ya mtu aliyeumia kwa straiki ya tatu. Iache ipite.

Itikia pale swali linaporudi. Kiganja kimoja kilichoinuliwa kuelekea kocha, bila kuvua kinyago, na maneno mawili: “Nimesikia, kocha.” Hapa nina msimamo mkali. Usivue kinyago kuwatazama. Naona waamuzi wanaoking'oa kinyago na kukodoa macho kuelekea benchi kwa muda mrefu, wakidhani wanaonyesha mamlaka. Wanachofanya ni kuusimamisha mchezo kwa ajili ya maneno, na hilo ndilo lililotakiwa.

Onya pale maneno yanapokuwa na moja ya sifa tatu: yamekuhusu wewe binafsi, ni matusi, au hayaishi. “Ule mpira ulikuwa chini” ni kuhusu mpira. “Wewe huoni” ni kuhusu wewe. Ukishasikia “wewe” likifuatwa na sifa, ngazi imepanda. Onyo lisikike na lionekane: omba taimu (simamisha mchezo), piga hatua chache tu kuelekea benchi, usifike mlangoni, inua kiganja, sema “Inatosha, kocha. Hilo ni onyo.” Kisha andika nyuma ya karatasi ya vikosi: kipindi, mpigaji aliyekuwa zamu, maneno. Andika mbele yao, kwa kalamu. Mtu akiona neno lake linaandikwa hulifikiria upya. Kitabu cha shule nacho kinatambua onyo la maandishi na kumfungia kocha ndani ya benchi kabla ya kumtoa, kwa hiyo kule kuandika si mapambo.

Kwa yule mtu wa kwenye ndoo, jibu lilikuwa kwenye ngazi ya pili, mapema, kupitia kocha mkuu: “Msaidizi wako anauliza kila mpira. Naomba apumzike.” Usizungumze na msaidizi. Ukimjibu msaidizi mmoja, umefungua mazungumzo na benchi zima.

Hatua ya 6: Maneno wakati mpira uko hai

Hapa si suala la heshima tena, ni sheria ya mchezo. Mtu wa benchi akiita “Taimu!” au akitoa ukelele wa ghafla kwa nia ya kumfanya mrushaji akatize mwendo wake na kuhesabiwa boki (kosa la mrushaji linalowasogeza wakimbiaji besi moja), kitabu rasmi kinasema boki hiyo haihesabiki na aliyepiga ukelele anatolewa. Hapo hakuna ngazi ya kwanza.

Kuna pia wanaoita “Yangu!” mpira ukiwa hewani ili mchezaji wa upande mwingine anayetaka kuudaka ajitoe. Tarehe 30 Mei 2007 mjini Toronto, Alex Rodriguez wa Yankees alitoa ukelele alipokuwa akikimbia nyuma ya Howie Clark wa Toronto, aliyekuwa akisubiri kudaka mpira. Clark akarudi nyuma, mpira ukaanguka, na waamuzi wakauacha mchezo uendelee. Katika shule za sekondari ingekuwa tofauti, kwa kuwa kitabu chao kinahesabu maneno ya timu inayopiga kuwa uingiliaji yakimchanganya mchezaji anayejaribu kucheza mpira. Rodriguez alikuwa mkimbiaji, lakini timu inayopiga ni pamoja na benchi lake. Ndiyo maana nilianza na vitabu.

Hatua ya 7: Kutoa

Ishara moja, sentensi moja, kisha geuka na uondoke. Usimfuate. Mwenzako ndiye atakayeingia kati na kumsindikiza. Akikufuata na kukupigia kelele, hujibu chochote, maana kila neno utakalosema litaonekana kwenye video ya mtu.

Hatua ya 8: Ripoti

Iandike siku ileile, ukitumia ile karatasi ya vikosi. Maneno yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na tusi lenyewe, ndani ya alama za nukuu. Ukiandika “alitumia lugha isiyofaa” kamati haina cha kuamua. Usiweke hisia zako wala nia unazomdhania kocha. Taja kipindi, matokeo yalivyokuwa, maonyo uliyotoa na saa zake, nani aliyasikia. Mwenzako aandike ya kwake peke yake, bila kusoma yako kwanza, kisha mzitume zote mbili kwa mkuu wa waamuzi wa ligi.