Kubadilisha T ya mipira ya hita kwenye Land Cruiser 100

Hapa Kigoma mtu anaweza kumiliki gari miaka na miaka bila kugusa kitufe cha hita. Ndiyo maana kile kiungo cha plastiki chenye umbo la T, kilichojificha katikati ya mipira ya hita nyuma ya injini, hakikaguliwi na mtu mpaka siku kinapopasuka. Ukimwambia mteja kwamba gari limechemsha kwa sababu yake, anashangaa: "Sasa fundi, hita yenyewe mbona siitumii?" Mzee wangu, maji hayajui kama unaitumia. Presha iliyo kwenye rejeta ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye T, uwashe hita usiwashe.

Nitaeleza kwa kutumia Land Cruiser 100, zile VX za kuanzia 1998 hadi 2007, zenye hita ya mbele na ya nyuma. T ziko mbili, zimekaa juu kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Moja inagawa maji ya moto kwenda hita ya mbele na ya nyuma, nyingine inakusanya yanayorudi. Magari mengine ya zamani yenye hita mbili hutofautiana mahali pa viungo, lakini kazi yake ni ile ile.

Kwanza, hakikisha ni T

Fungua boneti injini ikiwa ya baridi, umulike tochi nyuma kabisa. T iliyochoka hubadilika rangi na kukauka, na kwenye mdomo wa mpira utaona ukoko mweupe, au mwekundu kama unatumia kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) nyekundu. Maji yake hushuka ukutani na kudondokea karibu na gia boksi, ndiyo maana wengi hudhani ni waterpampu au hosi ya chini. Paguse na karatasi ya chooni. Ikilowa, umempata mwizi.

Usiusubiri mshale wa joto ukuambie. Mishale ya Toyota za miaka hiyo imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, kwa hiyo ukiuona umeondoka hapo, mambo yameshaharibika. Kibaya zaidi, maji yakiisha kabisa mshale unaweza hata kushuka, kwa sababu sensa imebaki hewani. Dereva anafurahi gari limepoa, kumbe silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapinda.

Vifaa

Plaizi, bisibisi, wembe au kisu kikali, beseni safi, msasa laini, klipu mpya za bisibisi, T mbili na kulanti. Nasema mbili kwa sababu zote zina umri mmoja na zimekula moto mmoja. Kubadilisha moja ni kujiandalia safari ya pili gereji.

Hatua ya 1: Acha ipoe

Shika hosi ya juu ya rejeta. Kama huwezi kuikamata kwa kiganja kizima, endelea kunywa chai. Kigoma mjini tuko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka nyuzi 97 hivi. Chini ya kifuniko cha rejeta kilicho kizima, maji yale yale huweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukikifungua yakiwa hivyo, yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni.

Hatua ya 2: Punguza maji

Huna haja ya kumwaga yote. T ziko juu, kwa hiyo fungua koki ya chini ya rejeta, toa lita chache kwenye beseni, kisha funga. Weka beseni mbali na watoto, mbuzi na mbwa. Kulanti ina ladha tamu, na ni sumu inayoua figo.

Hatua ya 3: Kutoa mipira

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, usiharakishe. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, mpira upi unaenda wapi. Minya masikio ya klipu kwa plaizi, irudishe nyuma kwenye mpira.

Sasa, mpira wa miaka ishirini haukubali kutoka kwa kuvutwa. Umegandana na plastiki. Ukiuzungusha kwa nguvu, T itakatikia ndani, na hiyo si shida kubwa kwa kuwa unaitupa. Shida ni upande wa pili. Mpira huo huo umeshikana na mirija ya hita inayotokeza ukutani, na mirija hiyo ni myembamba. Ukiivuta ikapinda au ikapasuka, unafungua dashibodi nzima kuifikia hita. Kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili, na mwenye gari hatakuelewa.

Kwa hiyo chana mpira kwa wembe, kwa urefu, sentimita mbili hivi juu ya shingo ya T, kisha ufungue kama unamenya ndizi. Mara nyingi mpira una urefu wa kutosha, utakata hiyo ncha iliyochanwa na kubaki na sehemu nzima. Kama umekuwa mgumu wa kulia ukiuminya, au una nyufa, badilisha wote.

Hatua ya 4: Hesabu vipande

Vipande vyote vya T vipange juu ya kitambaa, uiunde upya kama ilivyokuwa. Pembe ikikosekana, iko ndani ya mpira. Itafute kwa koleo ndogo au mimina maji ipite itoke. Kipande kama punje ya mahindi kikiingia kwenye valvu ya hita au kwenye hita yenyewe, kitakaa humo.

Hatua ya 5: T mpya, ya nini?

T orijino ni ya plastiki tena, na itadumu miaka mingi. Haina ubaya, ila kwa huku kwetu kuisubiri kutoka Dar kunaweza kuchosha. T ya shaba ni nzuri zaidi kwa maoni yangu. Kama haipo dukani, nenda kwa fundi friji. Ana bomba la shaba la inchi 5/8, ambalo kwa nje ni karibu milimita 16, na mipira hii ya hita kwa ndani iko hapo hapo. Pima yako kwanza. Mwambie akuchomelee T kwa fedha, si kwa risasi, na atanue ncha zote tatu kidogo ili mpira usiteleze. Zipige msasa, ncha kali hukata mpira kutoka ndani.

Usidanganyike na T ya bomba la maji ya nyumbani. PVC huanza kulegea karibu na nyuzi 80, yaani kabla injini haijafika hata joto lake la kawaida la kufanyia kazi.

Hatua ya 6: Kufunga

Safisha mdomo wa mirija kwa msasa laini. Paka maji ya kulanti ili mpira uteleze, usipake grisi wala oili, vinauvimbisha. Sukuma mpaka mpira upite ile sehemu iliyotanuka, kisha klipu ikae nyuma yake. Kaza hadi mpira uanze kutokeza kidogo pembeni mwa klipu, basi. Ukikuta klipu imezama ndani ya mpira, umezidisha.

Hatua ya 7: Kujaza na kutoa hewa

Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji safi, isipokuwa kama chupa imeandikwa iko tayari. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina magadi na magnesiamu nyingi; hayo hugeuka ukoko ndani ya rejeta. Tumia maji yaliyosafishwa (distilled) ya dukani, au ya mvua yaliyokingwa vizuri.

Egesha gari pua ikiwa juu. Weka hita zote mbili kwenye moto wa mwisho, kifuniko kikiwa wazi, washa injini iungurume bila kukanyaga mafuta. Minya hosi ya juu mara kwa mara, povu litoke, ongeza maji. Themostati, ile valvu inayofunguka injini ikipata moto, ikifunguka, maji yatashuka ghafla. Ongeza tena, funga kifuniko. Hewa ya moto ikitoka mbele na nyuma, maji yanazunguka.

Ikipasukia njiani

Kati ya Uvinza na Malagarasi hutapata fundi friji. Kata T zote mbili, chukua mpira unaotoka kwenye injini uunganishe moja kwa moja na ule unaorudi kwenye injini, hita zote ukiziacha nje. Ndiyo maana beba kipande cha bomba la shaba na klipu nne ndani ya gari. Usizibe tu mipira kwa vijiti, maji yanahitaji kuzunguka, na kijiti kitaruka. Wengine hulegeza kifuniko cha rejeta ili presha ipungue. Inasaidia kupunguza kuvuja, lakini maji yatachemka mapema, kwa hiyo nenda polepole na usimame kuongeza.

Kumalizia

Panda nalo hadi Mwandiga, rudi, mulika tochi tena kabla halijapoa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kaza klipu zote robo mzunguko kama zimelegea, na uangalie chupa ya akiba. Ikipungua siku ya kwanza, ni hewa iliyobaki. Ikiendelea kupungua wiki nzima bila tone kuonekana chini, acha T, kapime gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na injini.