Namna ya Kuandika Maoni kwa Kamati ya Bunge Kuhusu Uvutaji wa Sigara Hadharani

Kila mswada wa tumbaku unapofikishwa katika Bunge la Kenya, kamati husika hutangaza gazetini kwamba inapokea maoni, kwa kuwa Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalilazimu Bunge kuwashirikisha wananchi. Wengi wetu tangazo hilo hutupita, au tunaandika sentensi mbili za kulaani sigara, ambazo haziwezi kubadilisha hata neno moja la mswada.

Anza na sheria iliyopo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, tayari inakataza kuvuta sigara katika mahali pa umma, na anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 6. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaruhusu kutengwa kwa maeneo maalumu ya wavutaji, na hapo ndipo mvutano wa kisiasa ulipo. Ukiiomba kamati ipige marufuku uvutaji hadharani, utakuwa umeomba kilichokwisha kutolewa. Taja kifungu unachotaka kibadilishwe, kisha uandike maneno unayotaka yakae mahali pake.

Baada ya hapo, toa ushahidi wa macho yako. Mimi niliwahi kuketi jioni nzima katika baa moja ya nyama choma ambako wavutaji walitengewa chumba cha kioo. Kila mhudumu alipoingia na sinia ya vinywaji, aliusukuma mlango kwa bega, na alipotoka moshi ulitoka naye hadi kwenye meza iliyokuwa hatua nne kutoka hapo, alikoketi mama na mtoto wake. Maelezo ya namna hiyo, yenye tarehe, saa na umbali, mbunge anaweza kuyasoma kwa sauti kikaoni. Usimtaje mhudumu kwa jina, kwani anaweza kupoteza kazi.

Sehemu inayostahili jasho lako zaidi ni kuwajibu wapinzani, nawe uwajibu kwa haki. Wenye mabaa watasema kwamba wamefunga mitambo ya kuvuta moshi. Wajibu kwa miongozo ya 2007 ya Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004. Miongozo hiyo inasema wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara, na kwamba mitambo ya hewa na vyumba vya wavutaji havimkingi mtu. Wengine watamleta mkulima wa tumbaku, na hoja yake haifai kubezwa, kwa sababu ana karo ya kulipa. Mweleze mbunge kwamba kumtaka mvutaji atoke nje hakumzuii kununua sigara, kisha utaje Migori, ambako mradi unaoungwa mkono na WHO na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kilimo (FAO) na ya mpango wa chakula (WFP) umewasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Watakaotetea uhuru wa mvutaji, waulize kuhusu uhuru wa mhudumu anayeuvuta moshi huo zamu nzima bila kuwasha hata sigara moja. Mvutaji mwenyewe usimtukane. Ameshikwa na uraibu, na huenda akaunga mkono pendekezo lako.

Kampuni za tumbaku nazo zitafika mbele ya kamati. Iombe kamati iweke wazi mawasiliano yake nazo, kwa kuwa Kifungu cha 5.3 cha mkataba huo kinazitaka serikali kuzilinda sera za afya dhidi ya maslahi ya biashara hiyo. Zikidai kwamba udhibiti unakiuka Katiba, kumbusha kwamba Mahakama ya Juu iliitupilia mbali rufaa ya BAT, kampuni ya sigara, dhidi ya Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 mnamo Novemba 2019.

Waraka wenyewe usizidi kurasa mbili. Uelekeze kwa Karani wa Seneti au wa Bunge la Taifa, kutegemea mswada uko wapi, na upange hoja zako katika safu tatu: kifungu, pendekezo na sababu. Uandike kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwani Kifungu cha 120 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge. Uwasilishe kabla ya siku ya mwisho, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na ukiitwa kujieleza ana kwa ana, nenda na mtu anayefanya kazi ndani ya moshi huo, ikiwa yuko radhi, umwachie azungumze kwanza.