Jinsi ya kuwanasa bakteria wanaoishi ndani ya kitunguu saumu na kupima kama wanahimili alisini

Alisini ni ile kemikali ya kitunguu saumu yenye harufu kali inayoua bakteria. Punje ikiwa nzima alisini yake ni kidogo sana, malighafi yake inayoitwa aliini imekaa sehemu moja ya seli na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko) cha kuibadilisha kimefungiwa sehemu nyingine, ukikata au ukiponda ndo vinakutana, na sekunde chache tu ile harufu kali imeshatoka. Alisini inavamia thioli za protini (sehemu zenye salfa) na kuimaliza glutathioni, kinga ya ndani ya seli ya bakteria, wengi wanakufa. Ila wapo wanaoishi humohumo ndani ya punje na wanadunda, hao ndo tunawataka.

Fanyia maabara ya shule au chuo, sio jikoni, maana hujui utaotesha nini.

Chagua punje ngumu zisizo na kidonda, menya, zamisha kwenye spiriti ya 70% dakika moja, afu jiki ya 3.5% uliyoizimua nusu kwa nusu na maji, dakika tatu, kisha suuza mara nne kwa maji yaliyopikwa kwenye presha kuka. Maji ya suuza ya mwisho weka kidogo kwenye sahani ya agar (jeli ya kuoteshea bakteria). Kikiota chochote hapo anza upya, hao ni wa nje ya punje. Watu wanairuka sana hii hatua na inaniuma kweli, kwa sababu bila hiyo huwezi kusema umepata bakteria wa ndani.

Sasa kuponda. Ukiponda tu umeshamwaga alisini, kwa hiyo wadhaifu wanakufa kabla hata hawajafika kwenye agar. Gawa punje mafungu mawili: moja ponda na maji ya chumvi ya 0.85% peke yake, lingine ongeza sisteini (asidi amino yenye thioli) kwenye hayo maji maana inaikamata alisini. Acha dakika kumi, paka kwenye agar, weka nyuzi 28 siku mbili tatu, halafu linganisha sahani.

Kila koloni (kidonge cha bakteria wa aina moja kilichoota) ulilolitenga peke yake lipake sahani nzima, toboa vishimo viwili. Kimoja tia juisi mbichi iliyopita kwenye fita ya maikromita 0.22, iliyokamuliwa siku hiyohiyo kwa sababu alisini haikai. Cha pili tia juisi ya punje zilizochemshwa zikiwa nzima dakika kumi ndo zikapondwa, hapo kimeng'enya kimekufa na alisini haipo. Fanya hivyohivyo na E. koli ya maabara isiyodhuru. Kesho yake pima kwa rula duara tupu lisiloota bakteria kuzunguka kila kishimo: E. koli ikiwa na duara pana kwenye juisi mbichi tu na koloni lako halina au lina dogo, umempata.

Bakteria sugu anafanyaje asife? Pseudomonasi mmoja (aina ya bakteria) aliyetolewa kwenye kitunguu saumu, utafiti wake ukatoka 2020, alikutwa na jeni za kurekebisha thioli zilizoharibiwa, zimejirudia sehemu tatu kwenye jenomu (jumla ya jeni zake), na zilipohamishiwa kwa bakteria dhaifu nao wakawa sugu. Mwaka huohuo Pantoea ananatis, bakteria anayeozesha kitunguu maji, akaonekana ana kundi lake la jeni za kazi hiyohiyo.

Kingine, alisini inaruka hewani, usifungie sahani yenye juisi mfuko mmoja na sahani nyingine, mvuke utaua hata ambao hukuwagusa. Ukimaliza, zote presha kuka dakika 20 kabla ya kutupa.