Jinsi ya kutoa sadaka ya Kibuddha bila kufanya biashara na Buddha

Anayetaka kuweka madhabahu ya Kibuddha nyumbani kwa mara ya kwanza huniuliza anunue nini. Humjibu asinunue kitu. Atafute mabakuli madogo saba yanayolingana, kitambaa kikavu na maji safi, basi. Huo ni utaratibu wa Watibeti, nami naupenda kuliko mingine yote kwa sababu hakuna mtu anayeyaonea maji uchungu. Ukitoa kitu cha thamani, moyo hubaki umekishika pembeni. Maji unayaachia yote. Husimuliwa kwamba Atisha, mwalimu kutoka India aliyefika Tibet mwaka 1042, aliyasifu maji ya huko akasema hayo peke yake yanatosha kuwa sadaka.

Fanya asubuhi, kabla hujala. Nawa mikono, futa kila bakuli. Bakuli tupu haliwekwi mbele ya sanamu, kwa hiyo yapange mkononi moja juu ya jingine, jaza lile la juu, kisha mimina karibu maji yote kwenye linalofuata ukibakiza kidogo, ndipo uliweke. Endelea hivyo kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Ukimaliza kuyapanga, rudi mwanzo uyajaze. Kati ya bakuli na bakuli acha upana wa punje ya shayiri, na maji yaishie punje moja chini ya ukingo. Wengi hucheka wakisikia kipimo hicho. Jaribu kukifuata huku unawaza deni, utaona yatakavyomwagika. Umakini unaotakiwa hapo ni sehemu ya sadaka yenyewe.

Mabakuli hayo yanasimama badala ya vitu ambavyo India ya kale ilimpokelea mgeni wa heshima: maji ya kunywa, maji ya kunawa miguu, maua, uvumba, taa, manukato na chakula. Jioni anzia kulia, yamwage kwenye mimea au mahali pasipokanyagwa, futa mabakuli, yapindue kifudifudi.

Kwa Wabuddha wa madhehebu ya Theravada, kama wa Sri Lanka, utakuta maua zaidi. Ua halinuswi kabla ya kutolewa, na chakula hutolewa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa watawa hawali baada ya hapo. Wakati wa kuweka maua hukaririwa beti zinazosema kwamba kama ua hili litakavyonyauka, ndivyo na mwili wangu unavyoelekea kuharibika. Usikariri kwa haraka. Litazame ua.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda wengi, mabakuli yakiwa yamenyooka na uvumba unanukia. Wanaanza kuomba kazi, mchumba, ushindi wa kesi. Buddha aliwahi kuulizwa kama maombi ya makuhani yanaweza kumpeleka marehemu mbinguni. Akajibu kwa swali: mtu akitupa jiwe kubwa kwenye maji ya kina, umati ukalizunguka ukiliomba liibuke, je, litaibuka? Matendo yana uzito wake. Kwa hiyo ukiisha kuweka bakuli la mwisho, usiombe malipo. Sema tu kwamba faida ya tendo hili iwafikie viumbe wote, kisha nyamaza kidogo.

Kabla ya kutoa kitu kikubwa zaidi, pitia kisa cha Kutadanta. Huyu alikuwa brahmini, yaani kuhani wa India ya kale, wa Khanumata, katika nchi ya Magadha, aliyekuwa amefunga wanyama 700 wa kila aina tayari kwa dhabihu: mafahali, ndama dume, mitamba, mbuzi na kondoo dume. Akaenda kumuuliza Buddha namna bora ya kutoa dhabihu. Buddha akamsimulia habari za mfalme Mahavijita, ambaye alishauriwa kwanza awape wakulima mbegu, wafanyabiashara mtaji, na watumishi wa serikali ujira. Nchi ilipotulia, dhabihu yake ikawa samli, mafuta, siagi, maziwa mgando, asali na sukari guru. Hakuna mnyama aliyechinjwa, hakuna mti uliokatwa, wala mtumishi aliyefanya kazi huku analia kwa kuogopa fimbo. Kutadanta akawafungulia wanyama wake wote. Mimi nimekifanya kisa hiki kuwa swali la kujiuliza: ni nani aliyelia ili sadaka hii ifike hapa? Kama yupo, usiitoe.

Na kama huna cha maana? Anathapindika, tajiri aliyetoa bustani ya Jetavana, alimwendea Buddha wakati nyumbani kwake sadaka ilikuwa wali wa chenga na uji mchachu. Buddha hakumlaumu. Alimwambia kinachotazamwa ni kama unatoa kwa heshima, kwa mkono wako mwenyewe, na usitoe makombo. Ndipo akamtajia Velama, brahmini wa zamani aliyetoa mabakuli 84,000 ya dhahabu yaliyojaa fedha na mengine mengi. Juu ya utoaji wote huo Buddha aliweka kushika sila tano, yaani kanuni tano za mwenendo mwema. Juu ya sila, moyo wa upendo ulioamshwa kwa muda mfupi kama wa kunusa harufu nzuri. Na juu kabisa, kutambua kwamba vitu havidumu, hata kwa muda wa kualisha vidole.

Ngazi hiyo ndiyo inayonifanya niseme madhabahu ni mlango tu. Sila zenyewe, yaani kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokunywa vileo, Buddha aliziita zawadi kubwa, kwa sababu anayezishika huwapa viumbe wasiohesabika usalama. Hakuna anayehitaji kumwogopa. Basi wakati uvumba unapanda, mtakie heri mtu mmoja; napendekeza yule anayekuudhi humo ndani. Huko Kusinara, mji alikofia, maua ya miti iitwayo misali yalipomdondokea Buddha akiwa anakaribia kufa, alisema hayo siyo heshima ya kweli, bali anayemheshimu ni yule anayeishi kwa mafundisho.

Ukitaka mpango wa wiki, chukua ule Buddha aliompa kijana Sigala, aliyekuwa akisujudia pande sita kila alfajiri. Mashariki ni wazazi, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, juu watawa, chini ni wafanyakazi. Anza na upande mmoja. Mimi hushauri wa chini, kwa kuwa ndio unaosahaulika. Mpe mfanyakazi kazi inayolingana na nguvu zake, mpe chakula na ujira, muuguze akiugua, mgawie kitamu unachokula, mpe mapumziko. Kama mshahara wake wa mwezi uliopita bado uko kwako, mpelekee leo, ndipo urudi kufuta mabakuli.