Dakika Kumi za Kuchora Mimea na Ndege Wakati wa Masika

Miezi ya masika jijini Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo ambayo miti hupendeza zaidi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo mkazi wa jiji hukosa muda, kwa kuwa barabara hujaa maji, foleni hurefuka na kazi za mchana humfuata mtu hadi nyumbani. Anayesubiri Jumamosi isiyo na shughuli ili akachore msitu wa Pugu atafika Juni daftari lake likiwa jeupe. Ninashauri uchore katika ule muda ambao mvua yenyewe inakulazimisha kusubiri.

Chagua mti mmoja unaouona kila siku, karibu na kituo cha basi au dirisha la ofisi, na uurudie huo huo. Mkungu unafaa sana, kwani matawi yake hutanda kwa ngazi kama ghorofa, na majani yake mapana huwa mekundu kabla ya kupukutika, hivyo jani moja uliloliokota asubuhi linaweza kuchorwa mezani wakati wa chai ya saa nne. Faida ya kuurudia mti ni kwamba hupotezi muda kutafuta cha kuchora, na mkono huanza kulijua umbo lake.

Vifaa visizidi daftari dogo la jalada gumu na penseli ya 2B. Wino wa peni nyingi huchuruzika ukipata tone la mvua, ilhali penseli hustahimili.

Katika dakika kumi, tumia mbili za mwanzo kutazama tu bila kuchora. Kisha chora umbo kubwa kwa mistari myepesi, fuata mwelekeo wa matawi, na mwishoni shughulikia sehemu moja pekee, kama vile kikonyo cha jani au gome lililolowa. Ufutio uache nyumbani, kwa maana kufuta ndiko kunakokula muda kuliko kuchora. Pembeni andika tarehe, saa na hali ya hewa. Kwa ndege, anza na kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye hajifichi na hutua karibu na watu. Akiruka, anza mchoro mwingine pembeni badala ya kumkamilisha kwa kukisia.

Mara moja kwa mwezi, ukipata asubuhi ya Jumapili, nenda kwenye mikoko karibu na Daraja la Salender. Tazama kwanza ratiba ya maji, kwani kutoka kujaa hadi kupwa huchukua takribani saa sita, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali zaidi. Hapo ndipo utakapoiona mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, ikichomoza topeni wima kama penseli zilizochomekwa, nayo inastahili ukurasa mzima. Simama mahali pakavu, kwa sababu tope hilo huzamisha mguu.