Faragha ya Kivinjari kwenye Kompyuta ya Zamani

Kompyuta yenye RAM ya GB 2 au 4 haiwezi kubeba rundo la programu za kulinda faragha. Wala haihitaji. Vitu vinavyokufuatilia mtandaoni ndivyo hivyo hivyo vinavyoielemea: skripti za matangazo, video zinazojicheza zenyewe, picha zisizoonekana za kuhesabu wageni. Ukivizuia visipakuliwe kabisa, mashine nayo inapumua.

Maelezo haya ni ya Firefox, kwa kuwa bado inakubali uBlock Origin kamili, kiendelezi (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo na wafuatiliaji. Chrome imeikataa na kubakiza toleo lake jepesi lenye uwezo mdogo.

Anza na saa, si na kivinjari. Kwenye mashine kuukuu, betri ndogo ya ubao mama, ambayo mara nyingi ni CR2032, huwa imekufa, na kila ukizima umeme tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Matokeo yake kila tovuti ya https inakataliwa kwa madai kwamba cheti chake, yaani hati ya kidijitali inayoitambulisha tovuti, bado hakijaanza kutumika. Mtu akizoea kulipuuza onyo hilo na kuendelea mbele, siku akikutana na tovuti ya kughushi kweli ataipita vivyo hivyo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa betri, weka mpya upande wa + ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe. Baadhi ya kompyuta za mkononi zina betri iliyofungwa kwa waya. Hapo nunua ya plagi ileile.

Sasa toleo. Bofya mistari mitatu iliyo juu kulia, ingia “Help”, halafu “About Firefox”. Windows 7, 8 na 8.1 zinaishia Firefox 115 ESR (toleo linalopewa marekebisho kwa muda mrefu), sawa na macOS 10.12 hadi 10.14. Ukikuta toleo lililo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa upande wa ESR, sasisha kwanza: cheti kilichokuwa kikithibitisha viendelezi kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025, na matoleo hayo yanavizima. Kufuta kiendelezi na kukiweka upya hakusaidii. Na tuseme wazi: Windows isiyopata tena marekebisho ya usalama haiokolewi na kivinjari. Kama prosesa ni ya biti 64 na RAM inafika GB 2, Linux nyepesi kama Mint ya Xfce ni makao salama zaidi, ingawa GB 4 ndizo za kustarehe.

Kwenye “Settings”, fungua “Privacy & Security” na uchague “Strict”, yaani ulinzi mkali dhidi ya ufuatiliaji. Tovuti moja ikigoma, labda kitufe cha kuingia hakibofyeki au video haitokei, bofya ngao iliyo kando ya anwani na uzime ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake. Usirudi “Standard” kwa ajili ya tovuti moja.

Washa pia kufuta vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziacha ili zikukumbuke) kila Firefox inapofungwa, kisha kwenye “Manage Exceptions” ongeza tovuti unazotaka zikukumbuke. Wengi hukwama hapa: wanaongeza anwani ya tovuti ya barua pepe yao na bado wanatolewa nje. Sababu ni kwamba huduma nyingi hukuingiza kupitia anwani nyingine, mara nyingi inayoanza na neno accounts au login. Tazama anwani wakati unaandika nenosiri, uiongeze nayo, ikiwa na https:// mbele.

Washa “HTTPS-Only Mode”, inayotaka kila tovuti itumie muunganisho uliosimbwa. Kwa DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), chagua “Increased Protection”. “Max Protection” ni kali zaidi, lakini Wi-Fi zenye ukurasa wa kuingilia huweza kukataa kukufungulia.

Halafu uBlock Origin, na hiyo tu. Vizuizi viwili vya matangazo vinachuja ukurasa uleule mara mbili na kugombana. Acha orodha zake za kuchuja kama zilivyo. Kuwasha zote kunakula RAM bila faida ya kuonekana. Kwenye mipangilio yake, weka alama kwenye kuzuia fonti za mbali na kuzuia faili za picha na video zinazozidi KB 50. Kuanzia hapo picha kubwa itabaki fremu tupu mpaka uibofye, na alama za vitufe fulani zitageuka visanduku. Fonti zikikukera kwenye tovuti fulani, ziruhusu hapo kupitia dirisha dogo la uBlock.

Kwa diski ya kuzunguka, andika about:config kwenye sehemu ya anwani, tafuta browser.sessionstore.interval, ubadilishe 15000 kuwa 60000. Firefox itahifadhi orodha ya vichupo vyako kila dakika moja badala ya kila sekunde 15. Umeme ukikatika, utapoteza mabadiliko ya dakika ya mwisho.

Ukiwa hapo utashawishika kuwasha privacy.resistFingerprinting, inayoficha sifa za kivinjari chako ili tovuti zisikutambue kwazo. Iache. Itageuza saa za tovuti kuwa UTC (saa ya rejea ya dunia), kalenda na miadi zivurugike, na utahangaika siku nzima kutafuta kilichoharibika.

Hali fiche (dirisha la “Private”) nayo isikudanganye: haihifadhi historia kwenye kompyuta, lakini mtoa huduma wa intaneti bado anaona unakoelekea.

Mashine ikianza kukwama, andika about:processes. Utaona kila kichupo na kiasi cha kumbukumbu kinachokula. Funga kichupo kinachokula zaidi kwa alama ya × iliyo mwisho wa mstari wake.