Namna ya Kukagua Uamuzi wa Mechi za Ndondo kwa Video ya Simu

Mwamuzi anayechezesha ndondo, yaani soka la mitaani, katika mashindano ya kata Mbeya, Mafinga au Tukuyu hana chumba cha VAR (waamuzi wasaidizi wa video) wala skrini kando ya uwanja, lakini siku hizi hakosi watazamaji wanaorekodi kila shambulizi kwa simu. Picha hizo zinafaa kukagua kazi ya waamuzi baada ya mechi. Nasema baada ya mechi kwa makusudi, kwa sababu sheria za soka huruhusu mwamuzi kusaidiwa na video mchezo ukiendelea katika mashindano yaliyopewa kibali na kutimiza masharti ya VAR tu. Kiongozi wa timu akikufuata wakati wa mapumziko na simu mkononi, akitaka ulifute bao, usiitazame hata kwa pembe ya jicho.

Kazi huanza kwa kuchagua mahali pa simu. Kwa kuwa mechi nyingi huanza saa kumi jioni, simu ikae upande wa magharibi ili jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, na iwe juu ya vichwa vya watu. Nyanda hizi za Juu Kusini hazina uhaba wa miinuko, na pasipo na mwinuko, bodi ya pikapu inatosha. Ifungwe kwenye stendi, usawa wa mstari wa kati. Ikipatikana simu ya pili, iwekwe usawa wa mstari wa eneo la penalti upande wenye mashambulizi mengi. Kule Rungwe, beba mfuko wa plastiki wa kuikinga na mvua na kitambaa cha kufutia lenzi.

Kuotea ndiko kunakodanganya zaidi. Aliyewahi kukaa nyuma ya goli pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, anajua kwamba mshambuliaji huonekana amezidi au hajazidi kutegemea mahali ulipoketi, na simu nayo ni mtazamaji aliyeketi mahali pamoja. Kwa hiyo simamisha video pale mguu wa mtoa pasi unapougusa mpira kwa mara ya kwanza, kisha linganisha wachezaji na mistari ya uwanja inayokwenda sambamba na mstari wa goli, badala ya kukisia kwa macho. Kumbuka pia kwamba simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde humkosa mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde kwa takribani sentimita 27 kati ya picha moja na nyingine. Tofauti ikiwa chini ya hatua moja, mwachie mshika kibendera uamuzi wake.

Rafu hutazamwa kwanza kwa mwendo wa kawaida. Mwendo wa polepole unasaidia kujua mguu umegusa wapi, kama mpira umegusa mkono, au kama tukio lilikuwa ndani ya eneo la penalti. Haufai kupima nguvu ya rafu, kwa kuwa hata mgongano mdogo huonekana kama ukatili.

Usikague kila filimbi. Utaratibu wa VAR ulioidhinishwa mwaka 2018 ulijifunga kwenye bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja na kadi aliyoonyeshwa mchezaji asiyehusika, na hayo yanatosha kwa jioni moja. Swali la kujiuliza ni kama uamuzi ulikuwa na kosa la wazi, si kama wewe ungeamua vingine. Mimi naona swali hili ndilo gumu kuliko yote, maana mtu aliyeketi na chai mkononi huwa jasiri kuliko aliyekuwa uwanjani.

Kabla ya kuwasha video, kila mwamuzi aandike anachokumbuka kuhusu tukio: alisimama wapi, aliona nini, nani alimziba. Kisha sauti izimwe, kwa kuwa kelele za mashabiki huhukumu kabla ya picha. Mara nyingi utagundua kwamba macho hayakukosea, ila miguu ilichelewa, na mwamuzi alikuwa mbali au nyuma ya mgongo wa beki. Hilo liandikwe daftarini pamoja na dakika ya tukio, ili lifanyiwe mazoezi wiki inayofuata, na kipande cha video kisitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp lenye viongozi wa timu.